Mwigizaji Aliyekataa Kuonekana Mgonjwa

Mzee niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake, mtaa wa Harrow, Landani, alikuwa Mgiriki, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga kabisa, maana alizaliwa kwenye shamba la mkonge la baba yake. Ujanani alikwenda Athene, akapanda jukwaani, hakushuka kwa miaka hamsini. Kwenye filamu walimpendea kufa. Naapa alikufa mara mia tatu: kwa risasi, kwa sumu, kwa mapenzi. Uzeeni akamfuata mkewe Landani, mke akafa kweli, halafu kiharusi kikamlegeza upande mzima wa kushoto.

Nilikuwa nikienda kwake mara nne kwa siku: kumwamsha, kumlisha, kumpeleka chooni, kumlaza. Ikaja barua. Afisa wa ustawi wa jamii angekuja kuona kama ziara zote hizo zinahitajika. Jasho lilinitoka ndoo nzima.

"Akija usijikaze, mzee. Akikwambia simama, ushindwe."

"Nishindwe mbele ya mgeni?"

"Si bingwa wa kufa wewe? Mfanyie hata robo ya kifo kimoja."

"Binti, kule nilikuwa nakufa nikiwa mzima."

Shule ya usiku niliyosomea kazi hii walinifundisha kumwinua mgonjwa, kumwangusha hawakunifundisha.

Siku yenyewe akataka suti. Afisa alipoingia, mtu niliyemshikia kijiko asubuhi ile ile akasimama. Akasimama! Akambusu mama wa watu mkono, akajikokota kwa madaha hadi dirishani, mkono mbovu kautia mfukoni kama bwana harusi. Akasema mimi huja kupiga soga tu.

"Mama, anaigiza huyu!" nikapiga kelele. "Hata kitandani hatoki peke yake!"

Mama akacheka, akasema laiti na yeye angezeeka hivyo. Akaandika: ziara moja, ya asubuhi.

Mlango ukafungwa. Mzee bado kang'ang'ania pazia.

"Ameondoka?"

"Ameondoka."

"Basi nidake."

Nilimdaka, tukaenda chini wote wawili pamoja na pazia. Suruali ya suti ilikuwa imelowa. Nikapiga simu ofisini kwao, nikalia machozi ya kujaza beseni. Wakanijibu kwamba ripoti inasema anatembea.

Kesho yake nilimwogesha, nikamlisha, nikamsogezea maji na mkate upande wa mkono mzima. Nikavaa koti.

"Mchana utakuja?" akauliza.

"Hapana, mzee. Kesho."

Akageuza uso ukutani. Safari hii hakuwa anaigiza.