Lupango Ina Nyumba?

Naomie Mukalay hakujua kutulia. Hata katika misa masikio yake yalikuwa barabarani, maana ndiye aliyekusanya maneno ya kamusi ndogo ya Kiswahili cha Kolwezi iliyopigwa chapa na parokia yao. Alisikiliza sokoni, mgodini Mutoshi kwa wachimbaji, hadi stesheni ya Mutshatsha.

Jirani yake Brigitte akafiwa na mume. Marehemu alikuwa amesema mbele ya watu: "Lupango ni ya Brigitte." Baada ya matanga, shemeji Stanislas alisimama mbele ya chifu wa mtaa, kamusi mkononi.

"Tata chifu, kitabu kinasema: lupango ni uwanja wenye ua. Nyumba haikutajwa. Mama achukue uwanja, nyumba ni ya familia."

Brigitte akamgeukia Naomie. "Si wee njo uliandika?"

"Njo mi." Naomie akakubali, akamgeukia chifu. "Tata, mi sikuamuru kitu. Nilisikia batu, nikaandika. Kitabu ni shahidi tu, na shahidi anaweza kusikia vibaya."

"Kama hakiamui, tulikinunua cha nini?" Stanislas akauliza.

Naomie akamwomba chifu siku chache, akaanza kuzunguka. Hakumwuliza mtu lupango ni nini, aliuliza, "Jana ulilala wapi?" Muuza makaa akajibu, "Ku lupango yangu." Mchimbaji mwenye vumbi hadi kwenye kope naye vilevile. Lakini fundi mwashi mmoja akasimulia: "Nilinunua lupango kwanza, nyumba nikajenga kisha."

Brigitte aliposikia hilo akamshika mkono. "Ile ya mwashi uiache, dada."

"Nikiiacha, nitakuwa sawa na Stanislas."

Siku ya shauri akayasema yote mbele ya chifu, na la mwashi pia. Brigitte aliinamisha kichwa. Chifu akamwuliza Stanislas: "Ndugu yako alipotamka neno hilo, alikuwa wapi?"

"Kitandani, tata."

"Kitanda kilikuwa uani?"

"Ndani ya nyumba."

"Basi alisema juu ya pale alipolala. Mwashi alisema juu ya pale alipojenga. Nyumba ni ya mama."

Stanislas akaondoka akinung'unika. Brigitte alibaki na nyumba yake, ila tangu hapo salamu zake kwa Naomie zilikuwa fupi, na jambo hilo lilimuuma Naomie.

Jumapili Naomie alifungua kamusi kwenye neno "ndugu", akasoma mistari miwili aliyoiandika mwenyewe, akaona haimtoshi. Akaacha chai ikipoa, akavaa viatu, akaelekea sokoni kusikiliza tena.