Ile ya Ukumbi Niachie Mwenyewe

Baba yangu ni fundi wa piano, na mtaani wanamwita Sikio. Si kwa sababu ana masikio makubwa, ingawa, Mungu anisamehe, anayo. Ni kwa sababu hawezi kupita karibu na kitu kinacholia bila kukisahihisha. Kengele ya mlango wa jirani ilimkera mpaka akaenda kuibadilisha mwenyewe, jirani akiwa kazini. Birika likipiga mluzi anakunja uso. "Linapanda kidogo," anasema. Mama humjibu, "Basi lishushe, unywe chai."

Nilianza kujifunza kazi kwake nilipomaliza shule, na sasa ni mwaka wa tisa. Watu wakiambiwa fundi wa piano amefika, wakamkuta ni mwanamke, hunitazama mikono kwanza. Waache watazame. Kazi yenyewe haitaki misuli, inataka subira, na subira, nakiri, sikujaliwa. Ndani ya piano kuna nyuzi zaidi ya mia mbili, kila mmoja umezungushwa kwenye msumari wake, na sauti nyingi hutolewa na nyuzi tatu kwa pamoja. Unabana mbili kwa kipande cha mpira, unautengeneza wa tatu. Ukiachia wa pili, kama haujapatana na mwenzake, sauti inatetemeka: wau, wau, wau. Unavuta ufunguo wa kukazia msumari kidogo tu, kiasi cha unywele, na ule mtetemo unarefuka, unachoka, unakufa. Siku niliyousikia ukifa mara ya kwanza niliruka kwa furaha. Baba akasema, "Usiruke, bado mia mbili na kumi."

Mwezi uliopita aliteleza kwenye ngazi za nyumba ya mteja, akavunjika mkono wa kulia. Akarudi na plasta mpaka kwenye kiwiko, akanikabidhi daftari lake la wateja.

"Zote nenda," alisema. "Ile ya ukumbi niachie mwenyewe."

Ile ya ukumbi ni piano ya kwaya ya mtaa wetu, na mama ndiye anayeongoza sauti ya juu katika kwaya hiyo tangu kabla sijazaliwa. Jumamosi ya wiki hiyo lilikuwa onyesho lao la mwaka. Daktari naye alikuwa amesema plasta haitoki kabla ya wiki tano. Sasa niambieni, angeitengeneza kwa meno?

Roho iliniuma, sifichi. Miaka tisa, na bado ananiona mtoto. Jumatano asubuhi nikabeba mkoba wa kazi, nikaomba funguo kwa mlinzi wa ukumbi, nikaingia. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu siku hiyo lilikuwa limekufa kabisa.

Nilianza alivyonifundisha, kwa kile kichuma chenye meno mawili kama uma. Unakigonga gotini, unakisimamisha juu ya ubao, kinakupa sauti moja isiyobadilika, na kwa sauti hiyo unapanga piano nzima. Nikakigonga. Nikabonyeza kibonyezo cha sauti hiyo. Nikadhani nimebonyeza cha pembeni, nikarudia. Loo! Piano ilikuwa chini karibu kibonyezo kizima. Na haikushuka yenyewe. Piano iliyosahauliwa hushuka ovyo, huku sana, kule kidogo, nyuzi zinagombana. Hii ilikuwa imeshuka yote pamoja, nyuzi zake zimepatana vizuri kabisa. Mtu aliishusha, na anayeigusa miaka yote ni mmoja tu.

Nikachomoa kibonyezo cha kwanza, cha kushoto kabisa. Sisi mafundi tuna desturi: ubavuni mwake, pasipoonekana, unaandika kwa penseli mwaka uliofanya kazi. Mwandiko wa baba ulikuwepo, mwaka chini ya mwaka. Kuanzia miaka kumi na moja iliyopita, mbele ya kila mwaka alichora mstari mdogo unaoelekea chini. Mahali pengine mstari mmoja, pengine miwili, na mwaka mmoja haukuwa nao kabisa. Nilikigeuza kile kibonyezo huku na huku. Nyuzi zilizokatika? Nikamulika tochi, hakuna uzi mpya hata mmoja. Vinyundo vya kugongea nyuzi alivyobadilisha? Vyote vya zamani. Mwishowe nikaamua kwamba mzee haliamini tena sikio lake, ndiyo maana hataki nione. Nikamwonea huruma, jamani. Nikaipandisha piano yote.

Ilikuwa kazi ya siku nzima. Uzi mmoja ulikatika, ukanikosa jicho, nikaweka mwingine. Jioni kila kitu kilikuwa mahali pake, nikaandika mwaka wangu ubavuni mwa kibonyezo, nikaenda nyumbani nikiwa nimevimba kichwa.

Alhamisi kwaya ilifanya mazoezi, nami nikaenda kukaa nyuma ili nisifiwe. Wa kwanza kufurahi alikuwa mzee wa sauti nzito anayeitwa Ngurumo. Kwa miaka amekuwa akilalamika kwamba nyimbo zinazama, na wenzake humwambia ni uzee. "Leo nimefika chini!" alipaza sauti. "Nimefika mpaka mwisho!"

Halafu ikaja zamu ya mama. Kuna wimbo ambao mwishoni sauti yake hubaki juu peke yake. Akavuta pumzi, akapanda, na pale juu sauti ikapasuka. Akacheka, akasema koo limekauka, akanywa maji. Mara ya pili ikapasuka tena. Mara ya tatu hakujaribu. Aliketi, akaweka mikono mapajani, na mwalimu wa kwaya akajifanya anatafuta karatasi.

Nyumbani alipiga pasi sare yake ya kwaya, akaikunja, akaitia kwenye mfuko. "Kesho nampelekea yule binti wa safu ya pili," alimwambia baba. "Aimbe yeye. Mimi yangu imeisha." Alisema hivyo kama mtu anayesema sukari imeisha. Kisha akaingia chumbani akafunga mlango, na mama yangu si mtu wa kufunga mlango.

Baba akanigeukia. "Nani ameigusa piano ya ukumbi?"

"Mimi."

"Nilikwambiaje?"

"Uliniambia nikuachie, hukuniambia kwa nini! Ilikuwa chini, baba. Ungenikuta nimeiacha piano ya mteja vile ungenifukuza!"

"Ningekufukuza," alikubali. Akavuta kiti, akaketi, akauweka mkono wa plasta juu ya meza. "Miaka kumi na moja iliyopita ilimpasukia hivihivi, palepale. Akalia hapa jikoni akidhani nimelala. Sikujua nimwambie nini. Unanijua, maneno sina. Kesho yake nikaenda nikaishusha, kidogo tu, kiasi ambacho mtu hasikii."

"Na ule mwaka usio na mstari?"

"Mwaka huo alikuwa na sauti nzuri."

"Sasa huo si uongo, baba?"

Alifikiri. "Piano ni moja, na wote wanaifuata. Wanashuka pamoja. Niliyemdhulumu ni Ngurumo peke yake."

Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia.

Asubuhi mama alipoushika mfuko wa sare, baba alimzuia mlangoni. "Iache kwanza. Piano ile imeharibiwa. Huyu fundi wangu ameikoroga."

"Ndiyo maana!" mama akashika kiuno. "Mwanangu, miaka tisa unafundishwa nini? Kazi hukuijua, si ungesema?"

Miaka tisa, na sijawahi kuikoroga piano ya mtu. Nikameza. "Nisamehe, mama," nikasema. Akaurudisha mfuko kitini.

Ijumaa nzima niliishusha, baba ameketi kando yangu amefumba macho. Nyuzi zilizopandishwa juzi na kushushwa leo hazitulii, ukizipa mgongo zimesogea. Nilipita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikigonga vibonyezo kwa nguvu ili zikae. Nilipofika pale nilipoikuta Jumatano, nikaweka ufunguo chini.

"Bado kidogo," alisema baba.

"Ilikuwa hapahapa. Nakumbuka vizuri."

"Hapo ni mwaka jana."

Nikauchukua tena ufunguo. Tulipomaliza, kwa kuwa mkono wake wa kushoto haujui penseli, niliandika mimi. Nilifuta nilichoandika Jumatano, nikaandika mwaka upya, na mbele yake nikachora mstari mmoja unaoelekea chini.

Jumamosi mama alipanda, akafika, akakaa kulekule juu mpaka ukumbi mzima ukasimama. Ngurumo tu ndiye aliyenuna. Nje, jasho likiwa bado usoni, mama alimshika baba mkono ule mzima.

"Haya, Sikio, sema. Miaka thelathini na mbili hujanisifu hata siku moja. Leo nimeimbaje?"

Baba alikohoa. Akatazama viatu vyake.

"Piano ilikuwa sawa," alisema.

"Mnamsikia huyu?" Mama alinigeukia. "Mimi naimba mpaka watu wanatoa machozi, yeye anasifu piano!"

Ulimi uliniwasha. Baba alinitazama mara moja tu, nami nikaubana. Nikampokea mama mkoba wake, tukaenda nyumbani.