Nyati wa Shemeji

Tarsis alikuwa amekwisha kuwaongoza porini Wamarekani, Warusi, na Mhispania mmoja aliyetokwa machozi kila alipoona twiga, lakini hakuna mgeni aliyemchosha kama shemeji yake mwenyewe.

Shemeji huyo aliitwa Justine, kaka mkubwa wa mkewe Letisia. Alikuwa na mashamba ya maparachichi Uwemba, kwenye baridi ya Njombe, na malori ya kuyateremsha mpaka bandarini. Alikwisha kupata kila kitu ambacho mtu wa Uwemba angekitamani, na sasa alitaka nyati. Alitaka kichwa chenye pembe pana, kitundikwe sebuleni juu ya televisheni. Jambo hilo alilitaja kwenye komunio ya mtoto, akalitaja kwenye harusi, akalitaja hata msibani, kila mara mama mkwe akiwepo, mpaka mama mkwe akamwuliza Tarsis mbele za watu ni kitu gani hasa kinachomzuia kumpeleka mwenzake porini, na wazungu anawapeleka kila mwaka. Tarsis akatazama chini. Ukweni mtu hana jibu, ana ndiyo tu.

Yeye naye alizaliwa Uwemba, akakulia kwenye viazi na miti ya miwati. Alipomaliza darasa la saba aliteremka bondeni, kwenye joto, akapata kazi ya kuchuna ngozi katika kambi ya uwindaji wa kitalii. Akapanda akawa mfuata nyayo. Akafanya mtihani wa serikali akaanguka, akarudia, akafaulu, akawa mwindaji bingwa, yaani yule anayekabidhiwa mgeni, bunduki na mnyama, vyote viwe dhamana yake. Nyumba aliijenga Makambako, maana pale njia zinakwenda kila upande. Majirani walimwona kama mtu anayelipwa kuua, na alikuwa amechoka kuwaeleza kwamba sivyo. Kuwinda kuna adabu yake. Unamfuata mnyama kwa miguu, katika nchi yake, upepo ukiwa kwake ama kwako kadiri Mungu alivyopanga. Unachagua dume zee ambalo kundi limekwisha kuliacha. Mnyama naye awe na nafasi ya kukusikia, kukunusa na kukutoroka. Akikutoroka, unarudi kambini unakula ugali wako, humlaumu mtu. Ukimjeruhi, unamfuata mpaka mwisho, hata kama mwisho huo unaweza kuwa wako. Hayo aliyasema kwa kila mgeni siku ya kwanza. Wengi waliitikia kwa kichwa kwa heshima na kuuliza chakula cha jioni ni saa ngapi.

Basi kibali kikatafutwa kikapatikana, na Justine akafika Makambako na mabegi matatu na redio ya kupiga muziki. Dereva wa kambi, Msafiri, kijana wa Singida aliyehamia Makambako, aliipokea ile redio kwa mikono miwili, akaisukuma chini ya magunia ya mchele wala haikuonekana tena. Njiani Justine alizungumza kwa simu mpaka mtandao ulipomkatalia.

Kambini Tarsis alimpa bunduki nzito alenge boksi. Risasi ya kwanza ilimrusha bega, na kuanzia hapo akawa anafumba macho kabla ya kuvuta. Tarsis alimwomba wakae siku moja zaidi wafanye mazoezi. Justine akasema hana siku ya kupoteza, maparachichi hayangoji. Tarsis akamweleza kwamba nyati naye hangoji, akipigwa vibaya anarudi. Justine akacheka, akasema shemeji siku hizi amekuwa padri.

Siku mbili walitembea. Mbele alikuwa Sila, mfuata nyayo, akifuatiwa na Tarsis, kisha Justine, na nyuma yao Judith, askari wa wanyamapori, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha uwindaji unafuata sheria. Judith alikuwa binti wa Njombe mjini, si msemaji. Justine alisema kwa niaba yake na ya wengine wote. Alilalamikia jua, mbung'o, miiba, na mwendo. Aliuliza kwa nini wasizunguke na gari. Tarsis akamjibu. Baada ya chakula akauliza tena, kwa maneno mengine, na Tarsis akamjibu tena. Walipolikaribia kundi, lenye majike na ndama, Justine alitaka kumpiga yeyote aliyesimama vizuri. Tarsis akamshika mkono, akamnong'oneza kwamba hapa hakuna dume zee la kupigwa. Justine akaunyanyua mkono huo huo kumfukuza mbung'o, upepo ukageuka, na kundi zima likaondoka kwa kishindo. Jioni kambini akamwambia mpishi kwamba shemeji yake anawaficha nyati wakubwa kwa ajili ya wazungu.

Tarsis aliyasikia, akameza. Alikuwa amemeza mengi hata chakula hakikupata nafasi.

Asubuhi ya tatu walikuwa ndani ya gari, wakielekea mtoni kutafuta nyayo mpya, Msafiri akakanyaga breki taratibu. Kando ya njia, karibu kabisa, alisimama dume zee peke yake, manyoya yamemwisha mgongoni, pembe zimelika ncha. Alikuwa akiwatazama kama mtu anayewatazama wapita njia. Ndiye hasa waliyekuwa wakimtafuta. Tarsis akasema kwa sauti ya chini kwamba wateremke upande wa pili, gari liondoke, wao wazunguke na korongo wamwendee kwa miguu, akitoroka, ametoroka. Akageuka kufungua mlango.

Mlio ukapasua masikio yao. Justine, amesimama juu ya gari upande wa nyuma, bunduki ameiegemeza kwenye chuma, alikuwa amepiga. Nyati alijikunja, akatimka kuingia kwenye kichaka cha mtoni, na Sila, aliyeona risasi ilipopiga, akagusa tumbo lake mwenyewe kuonyesha.

Kupiga mnyama ukiwa juu ya gari ni kosa, na hata mtoto wa kambini analijua hilo. Tarsis alihisi masikio yakimchemka. Justine akawa wa kwanza kuzungumza.

"Nimempata," alisema. "Huyo anakwenda kufa mwenyewe. Tutafute mwingine aliyesimama vizuri zaidi."

"Shemeji," Tarsis akasema, "nipe hiyo bunduki."

Akaipokea, akatoa risasi, akamkabidhi Judith. Judith aliichukua na kusema, bila kupandisha sauti, kwamba uwindaji wa mheshimiwa umekwisha na kwamba atatoa taarifa. Justine akamgeukia Tarsis amsaidie kumweleza huyu dada kwamba wao ni ndugu. Tarsis hakumweleza dada chochote. Alikuwa anakifikiria kile kichaka. Upande wa pili wake kuna kijiji, na wanawake wake huchota maji na kukata kuni pale pale. Nyati mwenye risasi ya tumbo hafi upesi. Hulala akiuma meno, akimngoja yeyote atakayepita.

Walimpa muda alale, kisha wakaingia watatu, Sila akisoma damu, Tarsis na Judith bunduki mkononi. Justine aliachwa garini na Msafiri. Ndani ya kichaka mtu hakuona zaidi ya urefu wa kitanda. Damu ilikuwa chache, imechanganyika na majani ya tumboni, na harufu yake ilimtia Tarsis hasira upya, maana hakuna mnyama anayestahili kutembea namna ile. Nyayo zilikwenda mbele, zikapinda. Sila akasimama. Alikuwa anaonyesha kwa kidole kwamba mnyama amerudi nyuma kuwazunguka, ndipo vijiti vikavunjika upande wa kushoto.

Nyati akatoka kichwa juu, kama wafanyavyo, akitazama anayemwendea. Alikuwa anamwendea Sila. Tarsis akapiga, mnyama akayumba lakini akaja. Judith akapiga bega. Tarsis akapiga tena, safari hii karibu hata moshi ukagusa pua ya mnyama, na dume likaanguka, pembe moja ikiwa imeshika suruali ya Sila. Sila akaivuta suruali, ikachanika, akakaa chini. Nyati akatoa ule mguno mrefu wa mwisho. Tarsis alisimama mpaka ulipokwisha, akamwomba radhi kimoyomoyo.

Justine akaja mbio kutoka garini, simu mkononi. Alipoona tumbo lilivyo alikwenda pembeni akatapika. Kisha akarudi, akafuta mdomo, akaomba apigwe picha ameweka mguu juu ya shingo.

Nyama walipewa wanakijiji. Kichwa kilichukuliwa na serikali. Na Tarsis alidhani balaa limekwisha, kumbe lilikuwa linamngoja Uwemba.

Kabla hajaitwa kutoa maelezo, aliitwa ukweni. Justine alikuwa amekwisha kuwaeleza maofisa kwamba gari liliruka shimo na bunduki ikafyatuka yenyewe; kilichobaki ni Tarsis kusema hivyo hivyo. Msafiri alikwisha kuombwa naye, akajibu kwamba yeye ni Mwislamu na ni dereva, na kwa vyote viwili hawezi kuapa kwamba gari lililosimama liliruka shimo. Mama mkwe alisema hataki kuona watoto wake wakipelekana mahakamani kwa sababu ya ng'ombe wa porini. Wajomba wakasema damu ni damu. Letisia alikuwa amekaa mlangoni. Nyumbani alikuwa amemwambia mumewe, "Baba Tabea, kaka yangu namjua tangu alipokuwa akiiba sukari. Lakini mama ninaye mmoja." Wala hakumwambia afanye nini.

Tarsis aliwasikiliza mpaka chai ikapoa. Alichoka kuliko alivyochoka porini.

"Mama," alisema, "gari lilikuwa limesimama. Sila angekufa. Nikisema liliruka, nitakuwa nimempiga yule mnyama mara ya pili, tena nikiwa nimekaa kwenye kochi."

Mama mkwe akaondoa vikombe, na cha Tarsis akakiondoa kikiwa bado na chai.

Akaenda akatoa maelezo kama ilivyokuwa, pamoja na kwamba bunduki ilikuwa na risasi ndani ya gari, jambo ambalo yeye, mwenye dhamana, alipaswa kulikagua. Justine alitozwa faini na kukatazwa kuwinda. Tarsis alisimamishwa kazi mpaka msimu ule uishe. Hakubisha, aliona ni haki, ingawa haki yenyewe ilimwudhi. Miezi hiyo aliipitisha shambani akipalilia viazi, na kila aliyepita alisimama kumwuliza kama ni kweli alimshtaki shemeji yake kwa ajili ya nyati. Mwanzoni alieleza. Baadaye alikuwa akijibu kwa salamu ya Kibena tu, "Kamwene," na kuinama tena.

Krismasi walikutana wote Uwemba, maana Krismasi haimwulizi mtu. Mama mkwe alimpakulia Tarsis mwenyewe, nyama ya kutosha, ingawa bila kumtazama usoni. Justine alimsalimu kwa mkono mbele ya watu, akaketi meza ya pili na vijana. Haukupita muda Tarsis akasikia sauti yake ikipanda. Alikuwa anasimulia jinsi walivyoingia kichakani, yeye mbele, Tarsis nyuma akimsihi warudi, na jinsi nyati wawili walivyotokea kwa pamoja.

Letisia akamtazama mumewe. Tarsis akaweka kijiko, akafumba macho kidogo, kisha akainuka akaenda uani kuwasaidia wanawake kupasua kuni.