Waridi la Kaburini kwa Bibi Yako

Siku ile haijanitoka, mwanangu Neema. Mimi si mzee, nina mtoto mmoja tu, ila mgongo ni wa ajuza, kwa hiyo nisikilize. Jua la Makanya lilikuwa utosini, wewe mgongoni unalia joto, na wageni wa baba yako wamemaliza kula. Mama mkwe wangu akawaonyesha mlangoni: "Nawieni pale kwenye ua. Maji ya huku hayamwagwi ovyo."

Ua lenyewe ni waridi la marehemu mama yangu, bibi yako ambaye hukumwona. Nilikata kijiti cha waridi lililoota kaburini kwake, kule milimani, nikashuka nacho nimekiviringisha kwenye kanga mbichi. Sina kingine chake. Nikakipanda kwenye ndoo kuukuu, kikashika.

Basi tangu hapo kila mlo, kila mkono, ulikuwa unanawiwa pale. Na maji ya kisima chetu unayajua: sufuria ya chai inaota ukoko mweupe. Majani yakaanza kuungua kingoni, udongo ukafanya weupe juu. "Kiu hiyo," wakasema wote, wakaongeza vikombe.

"Mama Neema," akasema mama mkwe siku hiyo ya wageni, akiniona nimekunja uso, "ua la mlimani lina maringo kama mwenyewe. Lirudishe kwenu!"

Wageni wakacheka. Nilikuwa sijalala kwa ajili yako, nikachemka.

"Mama, heshima yako iko palepale. Lakini mkono mwingine ukinawiwa hapa, kesho mtajipikia."

Mama mkwe akasema, "Haya, bwana shamba. Tuone."

Nikaiinamisha ndoo nitazame chini: haina tundu hata moja! Maji yanakauka, chumvi inabaki, na kila anayenawa anaongeza nyingine. Haba na haba hujaza kibaba, mwanangu, na sumu nayo hujaza hivyohivyo.

Nikatoboa ndoo chini kwa msumari wa moto. Nikakwangua ule weupe, nikamwaga maji mengi kwa mkupuo mpaka yakachuruzika chini na chumvi yake. Nikatandaza nyasi kavu juu. Sikurudia kunywesha mpaka nilipochomeka kidole nikakuta udongo mkavu, na sikulowesha majani. Mvua iliponyesha, nikakinga maji ya bati, nikalinywesha hayo. Matawi yote yakafa, isipokuwa moja. Hilo likachipua.

Siku moja mama mkwe alimaliza ugali, akapita kando ya ndoo mikono juu kama mateka, akaenda kunawia kule zizini.

"Nimepita mbali," akasema. "Usinifokee."

Nilicheka, halafu nikalia, nisijue kwa nini.

Sasa shika hili. Usinyweshe kidogo kidogo maji ya chumvi. Nywesha mengi, yapate pa kutokea, kisha acha pakauke. Na wewe mwenyewe usimeze kila kikombe unachomiminiwa ukanyamaza kwa adabu, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Toboa mapema, ukiwa bado na tawi moja.

Mungu akunyeshee mvua ya wakati wake, mwanangu, na waridi la bibi yako likukute lina ua.