Magreti wa Vidunda, Aliyetambaa hadi kwa Jirani

Alizaliwa Vidunda mwaka 1946, huko milimani ambako mtoto anajifunza kutembea kwenye mteremko na ndoo kichwani haimwagiki. Alibatizwa Magreti. Alipoolewa na Beda wakahamia Kilosa, wenzake walimtania kwamba tambarare itamlegeza miguu.

Januari 2010 Mto Mkondoa ulifurika. Beda alimshika mkono wavuke. Magreti akateleza, mkono ukachomoka, na maji yakamchukua Beda. Tangu siku ile Magreti aliogopa kuanguka kuliko alivyoogopa kufa. Baada ya maisha ya mahemani pamoja na waathirika wengine wa mafuriko alipata chumba kimoja, na humo alitembea kwa kushika ukuta tu, mpaka kiganja chake kikaacha mstari mweusi toka kitandani hadi mlangoni. Mstari uliishia pale, naye aliishia pale. Kanisani hakuonekana tena. Katika jumuiya yake ya kanisa wakaanza kunong'ona, "Magreti ameanguka," wakimaanisha imani. Maneno yakamfikia. Alilia peke yake, maana alikuwa hajaanguka popote, na kule kuogopa kuanguka ndiko kulikomfunga ndani. Hakuna aliyekuja kumpigia hodi.

Ijumaa moja ya masika, watu wote wakiwa mashambani, alimsikia mzee Mwinshehe, jirani yake Mwislamu, akiita kwa sauti iliyokatika. Alikuwa ameanguka akitoka kutawadha. Kati ya nyumba hizo mbili kulikuwa na uwanja wa matope, hakuna ukuta. Magreti akasimama mlangoni akasali: "Bwana, sina pa kushika." Kisha akasema neno tunalolikumbuka mpaka leo: "Basi niwe chini kabisa. Nitaangukia wapi tena?" Akapiga magoti, akatambaa.

Mzee alipomwona, pamoja na maumivu yake, akasema, "Huku si kanisani, bibi, mbona magoti?"

"Na wewe mbona umelala mchana? Nyamaza, nipe mkono."

Kumwinua hakuweza. Alimfunika khanga, akaketi chini ameushika ule mkono, na safari hii hakuuachia mpaka watu waliporudi. Nyonga ya mzee ilikuwa imevunjika, lakini aliishi.

Wanajumuiya wakaja kumwomba radhi. Wakaja majuma machache, kisha kilimo kikawachukua, mlango ukawa kimya tena. Yeye hakulalamika.

Alifariki Septemba 2019. Waliomkuta walimkuta ameketi mlangoni, mwisho wa mstari wake, na magoti yake yana tope bichi, wakati mvua ilikuwa haijanyesha tangu Mei. Alikuwa ametoka kwa nani, hakuna ajuaye mpaka sasa.

Kanisa halijamtangaza mtakatifu, nasi hatulitangulii. Ila Mwinshehe aliomba mstari ule usipakwe chokaa, na upo. Nasi tumwige hivi: asipoonekana mzee, tusiulize imani yake imeangukia wapi. Tupige hodi, tuketi naye chini, na tukishaushika mkono wake tusiwe na haraka ya kuuachia.