Diski Iliyolazwa Kwenye Friza ya Bucha

Mzee mmoja wa Kiganjo alikuwa amepigisha chapa wasifu wake mwenyewe, wa kusomwa siku ya mazishi, katika ofisi moja ya Majengo, ambako nami hupigishia kazi zangu. Kisha kompyuta ikafa nao. Alipofariki, mwanawe hakuweza kumudu mafundi wa Nairobi. Fundi wa mtaa wetu akaitoa diski ya kompyuta hiyo, akaifunga kwa plastiki, akailaza kwenye friza ya bucha jirani, kati ya matumbo, ili baridi iiamshe. Ilipotolewa na kuunganishwa tena pale ofisini ilikwaruza kidogo, ikafunguka.

Mwana akasoma hadi mwisho, akamgeukia mpiga chapa wa ofisi. "Baba amekufa juzi. Hii kompyuta iliharibika mwezi uliopita. Sasa nani alijaza humu tarehe ya kifo, tena ile ile ya juzi?"

"Ni yeye alinisomea," mpiga chapa akasema, macho kwenye vidole vyake. "Alikuwa amekaa kwa hiyo kiti."

Kiti alichokionyesha nilikuwa nimekikalia mimi. Siku hizi naisubiri kazi yangu nikiwa nimesimama.