Oili Nyeusi Kwenye Harusi ya Nafula

Nawasimulia aibu hii mwenyewe kwa sababu mliokuwepo bado mnaichekanga, na kila mwaka mnaiongezea chumvi. Ilikuwa miaka ya tisini, dada yangu mdogo Nafula anaolewa, na kwa kuwa baba yetu alikuwa ameshatangulia, mimi kaka yake ndiye niliyepaswa kumpeleka kanisani mjini Kakamega, tena kwa Volkswagen yangu ya zamani, ile ya mgongo wa mviringo (hadi leo sijaona gari la kulifikia kwa urembo, ingawa mke wangu akisikia hivyo ananuna).

Sasa asubuhi hiyo, badala ya kuoga kama watu, nikaamua kusafisha chujio la oili, eti injini iimbe vizuri siku ya harusi. Nikaingia chini ya gari, nikamwaga oili, nikafungua kifuniko, nikatoa kile kiwavu cha waya na kukiosha kwa petroli na mswaki mzee mpaka kikang'aa kama kijiko cha wageni. Shida ilikuwa gasketi, zile karatasi zinazozuia oili isivuje. Zilikuwa zimechanika, na maduka bado hayajafunguliwa. Nikajiambia zitashika tu. Nikazirudisha hivyo hivyo, nikajaza oili, nikavaa suti.

Tulitoka nyumbani Lurambi tukipiga honi, Nafula na shangazi wakiwa kiti cha nyuma, watu wanatupungia mikono, nami nimejaa kiburi nusura nisimame niwaeleze nilivyoosha chujio. Kanisa limeanza tu kuonekana, taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikazima injini, nikashuka, na nyuma yetu barabara ilikuwa na mstari mweusi mpaka macho yanapoishia. Nikalala chini na suti yangu, nikajaribu kukaza nati kwa vidole (spana niliiacha nyumbani), oili moto ikanitiririkia mikononi hadi kwenye kola. Watu wakajaa. Shangazi alitaka kujua ni shetani gani alinituma kufungua gari lililokuwa linatembea vizuri.

Hapo Nafula akafungua mlango. Alishuka, akakusanya gauni lake, akaniambia niinuke. Nikamwomba atangulie na shangazi, maana kwa mikono ile singeweza kumshika. Akatazama glavu zake nyeupe, akatazama mikono yangu, kisha akanishika.

"Baba angekuwa hai angenishika na matope ya shamba la miwa," akasema. "Twende, kaka."

Tukatembea, wamama wa barabarani wanapiga vigelegele, mimi nanuka petroli, yeye kichwa juu kana kwamba ndivyo tulivyopanga. Kanisani bwana harusi alipoona alama nyeusi za vidole vyangu alitaka kumsaidia kuvua ile glavu, dada akakataa, akaivua tu wakati wa pete.

Jioni tulilisukuma gari hadi nyumbani. Chujio bado nalisafishanga mwenyewe, lakini siku ya sherehe, hata mnipe ng'ombe, sifungui nati. Dada wa namna ile Mungu alinipa mmoja tu, na ilibaki kidogo nimharibie siku yake.